Mablanketi Mawili, Watoto Watatu

Juzi nilipeleka sketi kwa fundi pale sokoni Majengo ili anibadilishie zipu. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kutia cherehani mafuta, na alipoanza kukanyaga, ile harufu ikanipanda puani: mafuta mepesi, chuma kilichopata joto, na vumbi la kitambaa kipya. Nilisimama pale nikijifanya natazama vitenge vilivyoning'inizwa. Fundi akaniuliza, "Dada, unaumwa?" Nikamwambia hapana, ni jua tu. Lakini nilikuwa nimerudi kwenye wiki ile nilipokuwa na miaka tisa, Mama alipoamua kutushonea mablanketi.

Tulikuwa tunakaa Makutupora, kwenye nyumba ya matofali mabichi jirani na mashamba ya zabibu alikofanya kazi Baba. Mama alikuwa akishona sare za shule na nguo za kanisani za majirani, kwa cherehani cha mkono, kile cha kuweka juu ya meza chenye mpini wa kuzungusha pembeni. Nyumbani tulikuwa watoto watatu. Dada yangu Damari alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba, na kila mtu alisema atafaulu. Mdogo wetu Elia alikuwa hajaanza shule. Mimi nilikuwa wa katikati, mwenye kuvaa nguo zilizombana Damari na kumbeba Elia alipochoka.

Jumapili moja ya likizo ya Juni, shangazi yetu alikuja kutoka Mlali. Alikuwa dada yake Baba, mwalimu, mwanamke mrefu asiyependa kuketi. "Mbukwenyi," alisema mlangoni, akisalimia kwa Kigogo kama alivyosalimia kila mtu wa kwetu, nasi tukamwamkia shikamoo. Kwa kawaida alipofika angetuuliza jedwali la kuzidisha. Siku hiyo hakuuliza. Aliingia moja kwa moja jikoni alikokuwa Mama, akarudisha mlango.

Mimi nilikuwa nyuma ya jiko, namimina maji kwenye pipa. Ukuta wa lile jiko ulikuwa umepasuka kiasi cha kupitisha kidole, na sauti zilitoka kama mtu anayezungumza nami.

"Huyu wa kati ndiye atakayefaa Dar es Salaam," Shangazi alisema. "Ana nguvu, na si mtoto wa kulialia."

"Najua, wifi," Mama alijibu. "Ila sijamwambia."

"Utamwambia lini?"

"Ngoja kwanza nishone mablanketi. Yakiisha, nitamwambia."

Nilibaki nimeinamisha ndoo tupu. Nilikuwa namjua mtu mmoja tu aliyekwenda Dar es Salaam kutoka mtaani kwetu. Alikuwa Esta, binti wa jirani, tuliyekuwa tunacheza naye rede. Mwaka uliotangulia, mama mmoja mwenye miwani myeusi alikuja kumchukua akamfanyie kazi za ndani. Watu wazima walisema hayohayo: ana nguvu, hana makuu, atafaa. Esta aliondoka na mfuko mmoja wa plastiki. Aliporudi mara moja kwenye msiba, alikuwa na alama ya moto kwenye mkono, na tulipomwita kucheza alitutazama kana kwamba tunaongea lugha asiyoijua. Kesho yake akaondoka tena.

Sikumwuliza mtu. Wakubwa hudhani mtoto asiyeuliza hajasikia, na mimi niliwaachia wadhani hivyo. Jioni ile nilikula ugali na mlenda nikimtazama Mama usoni, nikitafuta dalili ya mtu anayetaka kumtoa mwanawe. Sikuiona. Alikula kidogo tu, mkono wa kushoto ameulaza mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

Jumatatu asubuhi alitoa gunia la vipande lililokuwa chini ya kitanda. Mle ndani mlikuwa na miaka yote ya ushonaji wake: kijani cha sketi za shule, kaki ya kaptula, ncha za vitenge, satini ya vazi la kwaya, mabaki ya mapazia ya nyumba ya wageni. Alivimwaga sakafuni, Elia akajirusha juu yake kama juu ya nyasi. Upepo wa Juni ulikuwa unapiga madirisha na kuingiza vumbi jekundu, na Mama alikuwa amejitanda kanga mbili na sweta.

"Baridi ya mwaka huu ni kali," alisema. "Mtoto asilale anatetemeka."

Kazi ilikuwa hivi. Mama alikata vipande vya mraba, akimtumia Elia kuvipanga kwa rangi. Damari aliviunga kwa sindano ya mkono viwili viwili. Kisha Mama alivipitisha kwenye cherehani, mshono juu ya mshono, mpaka vikawa mistari mirefu, na mistari ikawa shuka. Chini yake aliweka lile blanketi letu la zamani la kijivu, alilolikata katikati, na mgongoni akaweka mifuko ya unga iliyofuliwa mpaka maandishi yakafifia. Mpini wa cherehani nilizungusha mimi. Zamani Mama aliuzungusha mwenyewe, mkono wa kulia ukizungusha na wa kushoto ukiongoza kitambaa. Sasa alisema mkono wa kushoto umekufa ganzi, hauongozi vizuri, kwa hiyo inabidi ashike kwa yote miwili.

"Zungusha taratibu," aliniambia. "Hivyo hivyo. Usikimbie."

Hakuhitaji kuniambia. Sikuwa na haraka yoyote. Yakiisha, nitamwambia. Kila mzunguko wa ule mpini ulinisogeza karibu na mama mwenye miwani myeusi, na aliyekuwa anauzungusha ni mimi. Nilijifunza kuzungusha polepole kiasi cha uzi kukatika. Mama aliutunga tena. Nilizungusha tena polepole, ukakatika tena.

Jumanne, blanketi la kwanza lilipoanza kuonekana blanketi, Mama alilitandaza mabegani mwa Damari kupima urefu. Lilikuwa la kijani na kaki, na katikati alikuwa ameweka vipande vinne vya gauni la ubatizo la Damari, jeupe lenye vidoa vya waridi. Kwenye la Elia, alisema, ataweka flaneli aliyomvika siku aliyozaliwa.

Nilikusanya ujasiri wote niliokuwa nao. "Na langu?"

Mama aliendelea kupima. "Lako halipo," alisema. "Nashona mawili tu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Damari alinitazama, akafungua upande mmoja wa blanketi lake kunionyesha kwamba nitaingia humo. Nilimchukia kwa wema ule. Niliona wazi: mablanketi ni ya watoto wanaobaki nyumbani. Mtu anayeondoka hashonewi kitu.

Jumatano blanketi la Damari likaisha. Mama alilikunja, akaliweka juu ya sanduku, na Damari kila alipopita alikuwa akiligusa. Mimi usiku sikulala vizuri, na mchana sikusikia njaa. Nilianza kufanya kazi ambazo hakuna aliyenituma: nilifagia uwanja mara mbili, nilisugua masufuria kwa majivu mpaka vidole vikachubuka, nikidhani kwamba wakiona jinsi ninavyofaa hapa nyumbani watabadili mawazo. Halafu nikakumbuka maneno ya Shangazi, kwamba mwenye nguvu ndiye anayefaa, nikaacha masufuria nusu na kujifanya nakohoa. Baba alirudi kutoka kupogoa mizabibu, akanigusa paji la uso. "Huyu ana homa?" aliuliza. Mama alinitazama kwa muda mrefu. "Hapana," alisema. "Amechoka kuzungusha."

Alhamisi nikaiba bobini.

Mama alikuwa ametoka kumpokea mteja aliyefuata gauni lake, na Damari alikuwa kisimani. Nilifungua kile kimlango cha chini ya cherehani, nikaitoa: kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, ambacho pasipo hicho cherehani hakishoni. Ilikuwa na uzi mwekundu wa blanketi la Elia. Nilisikia hatua za Mama nikaitia mdomoni, na mpaka leo naweza kukuelezea ladha yake: uchungu wa mafuta, na ubaridi wa chuma uliogonga meno. Nilipita mbele yake nimefumba mdomo, nikaenda kuisukumiza ndani ya ule ufa wa ukuta wa jiko.

Bobini ilikuwa hiyohiyo moja. Nyingine zilishapinda au kupotea, na Baba asingekwenda mjini kabla ya wiki kuisha. Mama aliitafuta chini ya meza, chini ya mkeka, ndani ya gunia. Alipiga magoti akapapasa sakafu yote kwa mkono wa kulia. Elia alichekecha takataka za ufagio kwa ungo. Mama alituuliza mmoja mmoja, bila ukali, na zamu yangu ilipofika nilisema sijaiona. Nilisubiri aseme basi, kazi imekwama, mablanketi hayatakwisha.

"Basi tutashona kwa mkono," alisema.

Nilikuwa sijalifikiria hilo. Alikaa mkekani, akaegemea ukuta, akaanza. Damari alikaa upande wa pili. Mimi nilipewa kazi ya kutunga uzi kwenye sindano, kwa kuwa macho yangu yalikuwa mazuri. Walishona Alhamisi yote mpaka giza likaingia, na Ijumaa wakaamkia hapo hapo. Sindano ilikuwa inapita kwa shida kwenye kitambaa, blanketi na mfuko wa unga kwa pamoja. Mama alilazimika kuivuta sindano kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukisukuma. Kila baada ya mishono michache alitua, akavuta pumzi kwa pua, akaendelea. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na ule upepo wa baridi ulikuwa bado unavuma.

Ijumaa mchana aliingia chumbani, akasema anakwenda kubadili kanga. Alikawia. Damari akanituma nikamwulize kama uzi mweusi bado upo. Pazia la mlango lilikuwa limepeperushwa na upepo, na nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, blauzi imefunguliwa upande. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia kwapani hadi kwenye kiwiko, ngozi inang'aa. Alikuwa ameshika pindo la kanga kwa meno, akijaribu kuunyanyua ule mkono kwa mkono mwingine. Machozi tu yalikuwa yanamtoka, na meno yameuma kanga.

Sikumbuki nilivyofika jikoni. Nakumbuka nikichokonoa ufa kwa kijiti, na kijiti kikivunjika, na hofu kwamba imeangukia ndani kabisa. Ilipotoka ilikuwa imejaa udongo. Niliipangusa kwa gauni langu, nikarudi chumbani, nikamwekea Mama pajani.

Aliitazama. "Ilikuwa wapi?"

"Niliificha."

"Kwa nini, mwanangu?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, lakini yalitoka haya tu: "Sitaki kwenda kufanya kazi za ndani kama Esta."

Mama hakuelewa. Aliniuliza tena, na mimi nikamweleza yote kwa kwikwi: ufa wa ukuta, Shangazi, Dar es Salaam, mwenye nguvu, mablanketi mawili. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kuuma midomo. Kisha aliteremka kitandani akaketi sakafuni, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Wiki nzima umekaa na hilo peke yako?" aliuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Hakuna anayekupeleka kwa mtu. Mimi ndiye ninayekwenda Dar es Salaam. Nina uvimbe, hapa." Aliweka kiganja upande wa kushoto wa kifua. "Madaktari wa hapa wameniandikia niende hospitali kubwa. Wanasema nitakaa miezi. Nitafikia kwa mjomba wako, na mtu wa kunichotea maji na kunifulia ni wewe. Tunakwenda pamoja, mimi na wewe."

"Na blanketi?"

"Dar es Salaam kuna joto, mama. Ungelifanyia nini blanketi?" Alijaribu kucheka. "Elia anakwenda Bahi kwa bibi yake. Damari anakwenda Mlali kwa Shangazi, asome, afanye mtihani wake. Kule ndiko kwenye baridi. Kule ndiko sitakuwepo."

Nitasema ukweli, kwa sababu sioni faida ya kuuficha leo. Nilicheka. Nilimrukia shingoni nikacheka kwa sauti, kama mtu aliyetolewa shimoni. Mama alikuwa ameniambia kwamba ana uvimbe kifuani, na mimi nilichosikia ni kwamba tunakwenda pamoja. Ni baadaye, siku zilipopita, ndipo lile neno la kwanza lilipoanza kunifikia.

Nilipogeuka, Damari alikuwa amesimama mlangoni. Mkononi alikuwa na blanketi la Elia, sindano ikining'inia kwenye uzi. Alikuwa amesikia yote, na yeye pia alikuwa hajaambiwa.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe una mtihani, Damari," Mama alisema.

"Naweza kurudia mwaka."

"Huwezi. Sitaki uache shule kwa ajili yangu."

Damari alitazama lile blanketi alilokuwa akilishona kwa siku mbili, kama vile amepewa alishike na mtu asiyemjua. Alichomeka sindano kwenye kitambaa vizuri, isimchome mtu, akaliweka kitandani. Kisha akachukua ndoo akaenda kisimani, ingawa mapipa yalikuwa yamejaa.

Jumamosi tukamalizia kwa cherehani. Nilizungusha mpini upesi, na Mama hakuniambia nisikimbie. Jioni Baba alikaa nasi wote mkekani akaeleza kila mtu anakwenda wapi na kwa muda gani, akirudia mara mbili mbili kama anayewasomea watoto somo asilolipenda. Elia aliuliza kama Bahi kuna samaki. Baba akamwambia wapo, mvua ikinyesha vizuri. Elia akaridhika.

Tulikaa Dar es Salaam miezi saba. Mama alifanyiwa upasuaji, kisha akachomwa mionzi, na mimi nilijifunza kuhesabu siku kwa foleni na madirisha ya dawa. Kulikuwa na wiki ambazo alikuwa hawezi kumeza hata uji, na ndugu wa wagonjwa wengine, dada zao, mama zao, walinifundisha namna ya kumgeuza mtu mzima kitandani bila kumwumiza. Niliogopa kila siku. Lakini niliogopa nikiwa nimemshika, na sikujua kwamba hilo ni bahati mpaka tuliporudi na kumwona Damari.

Alipona. Nalisema hapa ili msomaji asibaki na wasiwasi nilioubeba mimi. Daktari aliporidhika tulirudi Makutupora, Baba akamleta Elia kutoka Bahi, na baada ya siku tatu Mama akasema twende Mlali, yeye na mimi, tukamchukue Damari.

Damari alikuwa amerefuka. Alikuwa amefaulu, tena vizuri, na alikuwa ameanza kuongea kama Shangazi, sentensi fupi, mgongo umenyooka. Alimwamkia Mama kwa heshima, akampokea mkoba, akamletea maji ya kunywa kwenye sinia. Mama aliyanywa yote. Kisha akasema, "Basi, Damari, funga vitu vyako, twende nyumbani."

Damari hakuinuka. Aligeuza kichwa akamtazama Shangazi, akisubiri ruhusa.

Hakufanya kwa makusudi, naamini hivyo. Ilikuwa ndiyo desturi aliyoizoea kwa miezi yote ile. Lakini Mama aliona, na Shangazi aliona. Mama aliweka kikombe chini, na yeye pia akamtazama Shangazi, akasubiri.

"Nenda, mwanangu," Shangazi alisema. Ndipo Damari akainuka.

Kwenye basi walikaa kiti kimoja, Damari dirishani, Mama kando yake, na mimi nikakaa nyuma yao. Damari alitazama nje njia nzima, mashamba ya alizeti changa na ng'ombe waliosimama kwenye nyasi mbichi. Mama aliweka mkono wake kwenye kiti, katikati yao, kiganja kimetazama juu, akauacha hapo. Mimi sikuuondolea macho. Tulipita vituo, watu wakashuka na wengine wakapanda, na ule mkono haukusogea. Tulikuwa tumeshapita kituo cha Mbande wakati Damari alipoushika.